Kuchapa, kufunika, kueleza au kunyamaza: tujifunze nini kwa magazeti ya nchi za Kiislamu

Michoro inayomdhihaki Mtume Muhammad (S.A.W.) ikichapishwa Ulaya asubuhi, jioni imeshafika Mwanjelwa. Mwaka 2006 habari zake zilitufikia kwa redio, televisheni na magazeti yaliyosafirishwa kutoka Dar es Salaam. Siku hizi michoro yenyewe inaingia kwenye simu, mara nyingi bila tarehe, bila jina la gazeti lililoichapisha, na ikiwa imechanganywa na picha zisizohusika kabisa. Mhariri wa redio ya jamii hapa Mbeya, mwandishi wa gazeti aliyeko Iringa au Njombe, hata msimamizi wa kundi la WhatsApp la mtaa, wote wanajikuta na uamuzi wa kufanya ndani ya saa chache. Tuionyeshe? Tuifunike nusu? Tuieleze kwa maneno? Au tukae kimya mpaka ipite?

Uamuzi huo wameshaufanya wahariri wengi katika nchi ambazo Waislamu ndio wengi, na baadhi yao waliulipia kwa kifungo. Nimeziweka njia zao bega kwa bega kwa sababu mjadala wetu huku Nyanda za Juu Kusini umezoea pande mbili tu: upande mmoja unadai uhuru wa habari, mwingine unadai heshima ya dini. Cairo, Amman, Sana'a, Kuching na Istanbul kulikuwa na njia zaidi ya hizo mbili. Mimi nimeshachagua, na nautanguliza msimamo wangu ili msomaji aupime njiani: kueleza kwa maneno kamili, bila kuonyesha mchoro. Sababu yangu kubwa si usalama wa mhariri. Naangalia msomaji au msikilizaji amebaki na nini mkononi baada ya habari kuisha.

Nini hasa kilichapishwa

Tarehe 30 Septemba 2005 gazeti la Denmark, Jyllands-Posten, lilichapisha michoro 12. Mhariri wake wa utamaduni, Flemming Rose, aliwaalika wachoraji baada ya mwandishi Kåre Bluitgen kulalamika kwamba hapati mtu wa kumchorea kitabu cha watoto kuhusu maisha ya Mtume. Michoro hiyo haikufanana. Uliowaudhi Waislamu kuliko yote ulichorwa na Kurt Westergaard: uso wa mtu mwenye kilemba chenye umbo la bomu, na shahada, yaani tamko la imani ya Kiislamu, imeandikwa juu yake. Mwingine ulikwenda njia tofauti kabisa. Ulimwonyesha mvulana wa shule aitwaye Mohammed mbele ya ubao, ameandika kwa Kifarsi kwamba waandishi wa Jyllands-Posten ni kundi la wachokozi. Mwingine ulimwonyesha mchoraji amejiinamia mezani, anachora kwa woga. Mwingine tena ulimkejeli Bluitgen mwenyewe kuwa anajitafutia umaarufu.

Nayataja haya moja moja kwa sababu habari nyingi za wakati ule ziliishia kusema "michoro ya matusi" na kuhamia kwenye maandamano. Msomaji hakuambiwa ni mingapi, inaonyesha nini, wala kwamba baadhi ilikuwa inalipiga kijembe gazeti lenyewe. Pengo hilo halikukaa wazi muda mrefu. Desemba 2005 maimamu kutoka Denmark walisafiri hadi Misri na Lebanon wakiwa na jalada la kurasa 43. Ndani yake mlikuwa na ile michoro 12, na pia picha tatu ambazo Jyllands-Posten halikuwahi kuzichapisha. Maimamu walisema picha hizo walitumiwa wao kama matusi. Moja ilimwonyesha mwanaume aliyejivika pua na masikio ya nguruwe. Ilikuwa picha ya shirika la habari la AP, iliyopigwa kwenye shindano la kuiga mlio wa nguruwe katika kijiji kimoja cha Ufaransa, na haikuwa na uhusiano wowote na Uislamu. Ikasambaa kama moja ya michoro ya Denmark. Watu wakaingia barabarani wakiwa na hasira juu ya picha ambayo gazeti wanalolilaani halikuichapisha.

Tarehe 4 Februari 2006 balozi za Denmark na Norway mjini Damascus zilichomwa moto. Tarehe 18 mwezi huohuo, Maiduguri kaskazini mwa Nigeria, maandamano yaligeuka kuwa uchomaji wa makanisa na mauaji ya Wakristo wasiohusika kwa lolote na Denmark. Siku chache baadaye, Onitsha, Waislamu wakauawa kwa kisasi. Nigeria ni nchi iliyochanganyika kama yetu. Mtu anayedhani suala hili ni la Uarabuni peke yake aisome upya wiki ile ya Februari.

Cairo na Amman: michoro ileile, hukumu mbili

Hapa ndipo ulinganisho unapofundisha zaidi, na nitakaa kidogo.

Gazeti la Al-Fagr la Cairo lilichapisha baadhi ya michoro hiyo tarehe 17 Oktoba 2005, katikati ya mwezi wa Ramadhani, pamoja na makala iliyoilaani vikali. Hakuna aliyeandamana. Mhariri hakukamatwa na gazeti halikufungiwa. Wasomaji wa Misri waliuona mchoro, wakasoma lawama, wakaendelea na mfungo wao. Siku tano tu kabla yake, tarehe 12 Oktoba, mabalozi wa nchi 11 za Kiislamu walikuwa wamemwandikia waziri mkuu wa Denmark, Anders Fogh Rasmussen, wakiomba kuonana naye. Alikataa. Suala lilikuwa bado ni la mabalozi na barua zao.

Shihan lilikuwa gazeti la kila wiki la Amman, Jordan. Lilichapisha michoro mitatu tarehe 2 Februari 2006, yaani miezi mitatu na nusu baada ya Al-Fagr. Mhariri wake, Jihad Momani, aliwataka Waislamu wa dunia watumie busara, kisha akauliza swali zito: ni kipi kinachouchafua Uislamu zaidi, michoro hii, au picha za mateka akichinjwa mbele ya kamera, au mtu anayejilipua kwenye sherehe ya harusi Amman? Wasomaji wake walijua anazungumzia nini. Tarehe 9 Novemba 2005 hoteli tatu za mji huo zilikuwa zimelipuliwa, na miongoni mwa waliouawa walikuwamo wageni wa harusi. Momani alifukuzwa kazi, nakala zikaondolewa sokoni, na siku mbili baadaye alikamatwa. Mei 2006 mahakama ilimhukumu miezi miwili jela, pamoja na mhariri wa gazeti jingine, al-Mehwar.

Kwa hiyo michoro haikubadilika, na dini ya wahariri na ya wasomaji ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni wakati na mwelekeo wa kidole. Oktoba 2005 serikali hazikuwa bado zimelifanya jambo hili kuwa lao. Kufikia Februari, Saudi Arabia ilikuwa imemwita balozi wake nyumbani, bidhaa za Denmark zilikuwa zinasusiwa madukani, na kila serikali ilitaka ionekane mtetezi wa Mtume kuliko jirani yake. Katika hali hiyo, gazeti lililochapisha lilitoa nafasi nzuri ya serikali kujionyesha. Shams, gazeti la vijana la Saudi Arabia, nalo lilichapisha baadhi mwezi huohuo na likasimamishwa.

La pili ni kidole. Al-Fagr lilimlaani mtu wa nje. Momani aliwageukia watu wake na kuwauliza habari zao wenyewe. Naamini hilo ndilo lililomponza zaidi, na pia ndilo linalonifanya nimheshimu. Swali lake lilistahili kuulizwa na Mwislamu mbele ya Waislamu. Lakini aliliweka pembeni mwa picha, na picha ikalimeza swali. Kesho yake watu walizungumzia mhariri aliyechapisha michoro, alichokiuliza kilipotea. Kama angeandika maneno yaleyale bila michoro ile mitatu, nadhani angepata mjadala mgumu badala ya kesi.

Mhariri anayetaka kuchapa basi ajue anacheza kamari na kalenda. Hawezi kujua leo ni Oktoba au ni Februari.

Kufunika: gharama ya kuchapa bila faida yake

Njia ya kufunika inaonekana ya hekima hadi uangalie yaliyowapata walioitumia. Yemen Observer la Sana'a, gazeti la Kiingereza, liliandika habari ya kuilaani michoro na kuweka picha ndogo zilizofunikwa kwa alama nene nyeusi za mkasi. Mhariri wake, Mohammed al-Asadi, aliwekwa ndani, leseni ya gazeti ikasimamishwa, na mahakamani mawakili wa upande wa mashtaka binafsi wakataka anyongwe. Desemba 2006 alitozwa faini ya rial 500,000. Katika nchi hiyohiyo mhariri wa Al-Rai al-Aam alihukumiwa mwaka mmoja.

Morocco, jarida la Le Journal Hebdomadaire lilichapisha picha ya mtu anayesoma gazeti la Ufaransa, France Soir, na michoro ilionekana kwa udogo ndani ya picha hiyo. Wahariri walipogundua hatari, waliketi kuifuta kwa wino mweusi kwa mkono, nakala baada ya nakala. Hata hivyo waandamanaji walifika mlangoni mwa ofisi yao Casablanca. Indonesia, mhariri wa tovuti ya Rakyat Merdeka, Teguh Santosa, alifikishwa mahakamani. Kesi yake ikatupwa Septemba 2006.

Ukiziweka hizi pamoja unaona kasoro ya njia yenyewe. Anayefunika analaumiwa kana kwamba amechapa, na msomaji wake haelewi chochote zaidi ya doa jeusi. Doa jeusi pia linamsukuma kijana kwenda kuutafuta mchoro mtandaoni, ambako ataupata bila maelezo yoyote. Sioni chumba cha habari cha huku kwetu ambacho ningekishauri kitumie njia hii, iwe kwa wino au kwa ukungu wa televisheni.

Sarawak, mahali panapofanana na petu

Malaysia ni nchi ya Waislamu wengi, lakini jimbo la Sarawak, kisiwani Borneo, lina Wakristo wengi kuliko Waislamu. Ni hali ambayo mtu wa Mbeya, Tukuyu au Makambako anaielewa: ndani ya nchi yenye dini zote, eneo lako lina uwiano wake, na ni rahisi kudhani msomaji wako wa karibu ndiye msomaji wako wote.

Tarehe 4 Februari 2006 gazeti la Sarawak Tribune la Kuching lilichapa mchoro mmojawapo. Uliwekwa kupamba habari iliyosema kwamba suala la michoro halijawagusa sana watu wa Malaysia. Hapakuwa na hoja ya uhuru wa habari wala nia ya kumkejeli mtu. Mhariri alijiuzulu, gazeti likaomba radhi, na tarehe 9 Februari serikali ikasimamisha kibali chake bila kusema mpaka lini. Lilirudi mwaka 2010, kwa jina jipya. Wafanyakazi wa gazeti la miongo mingi walipoteza kazi kwa picha ambayo habari ingeweza kusomeka bila hiyo.

Gazeti la Kichina la Guang Ming nalo toleo lake la jioni lilifungiwa wiki mbili, kwa sababu ya picha ya mtu aliyeshika gazeti lenye mchoro. Kisha New Straits Times, gazeti kubwa lililokuwa karibu na chama tawala, likachapa katuni ya Marekani ya mfululizo uitwao Non Sequitur iliyofanyia mzaha suala zima. Serikali ikalitaka lijieleze, likaomba radhi, na yakaishia hapo. Mdogo alifungwa mdomo, mkubwa akasamehewa. Redio za jamii na magazeti madogo ya mikoani yatafakari hilo kabla ya kuiga yanayofanywa na vyombo vikubwa.

Mchoro kwa mchoro

Gazeti la Hamshahri la Tehran, linalomilikiwa na manispaa ya mji huo, lilitangaza Februari 2006 shindano la katuni kuhusu mauaji ya Wayahudi ya Vita vya Pili vya Dunia. Hoja yake ilikuwa kupima kama Ulaya inatetea uhuru wa kuchora kila kitu au wa kuchora Waislamu tu. Kama hoja ya darasani, ina nguvu. Sheria za nchi kadhaa za Ulaya zinaadhibu kweli kukana mauaji hayo. Lakini Wayahudi waliokufa kambini hawakuichora michoro ya Denmark, wala wajukuu wao hawakuichapisha. Aliyetukanwa alimtafuta wa tatu amtukane. Siwezi kuipendekeza njia hii kwa mtu yeyote anayeishi na majirani wa dini nyingine ukuta kwa ukuta, na wengi wetu tunaishi hivyo.

Miaka tisa baadaye, Iran hiyohiyo ililifungia gazeti la Mardom-e Emrooz, Januari 2015, kwa kuweka ukurasa wa mbele picha ya mwigizaji George Clooney na maneno yake ya kusema yeye pia ni Charlie, yaani yuko pamoja na waliouawa mwezi huo katika jarida la Charlie Hebdo la Paris. Mchoro haukuwepo hata mmoja. Maneno ya kuwaonea huruma waliouawa yalitosha.

Istanbul na Nairobi, 2015

Tarehe 7 Januari 2015 watu 12 waliuawa katika shambulio dhidi ya jarida la Charlie Hebdo jijini Paris. Mmoja wao alikuwa polisi Mwislamu, Ahmed Merabet. Wiki moja baadaye walionusurika walitoa toleo ambalo jalada lake lilimwonyesha Mtume akitokwa na chozi, ameshika bango la kuwaunga mkono waliouawa, juu pameandikwa kwamba yote yamesamehewa.

Cumhuriyet la Istanbul, gazeti la zamani la Uturuki lenye msimamo wa kutochanganya dini na dola, lilitoa kurasa nne za kazi za jarida hilo lakini halikuweka jalada katika kurasa hizo. Polisi waliyazuia magari yake usiku, wakakagua, kisha wakayaachia. Ila waandishi wake wawili wa safu, Hikmet Çetinkaya na Ceyda Karan, waliweka nakala ndogo ya jalada kwenye safu zao. Aprili 2016 kila mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka miwili. Ndani ya gazeti moja, siku moja, uhariri ulichagua kutoonyesha na waandishi wawili wakachagua kuonyesha, na sheria ikawatenganisha.

Jirani zetu Kenya, gazeti la The Star lilichapa nakala ya jalada hilo. Waislamu walilalamika, Baraza la Habari la nchi hiyo likaingilia, gazeti likaomba radhi. Hakuna aliyefungwa. Ukilinganisha na Uturuki, tofauti ni chombo kilichoshughulikia lalamiko: baraza la wanahabari upande mmoja, mwendesha mashtaka upande wa pili. Lakini wiki hiyohiyo Niger ilikuwa inawaka. Watu 10 waliuawa katika ghasia za Zinder na Niamey, na makanisa 45 yakachomwa Niamey peke yake. Mchungaji wa Niamey alichomewa kanisa kwa jalada la jarida la Paris ambalo halina uhusiano wowote na ukristo wake.

Kueleza kwa maneno, na namna ya kueleza

Magazeti mengi ya nchi za Kiislamu hayakuchapa michoro hiyo, na yalifanya vema. Tatizo langu ni kwamba mengi hayakueleza pia. Kutoonyesha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumpa msomaji maelezo ya kutosha ili kijana akimfuata na picha ya mtu wa pua ya nguruwe, msomaji huyo aweze kumwambia, hiyo haimo kati ya zile 12.

Redio zetu zina nafasi nzuri hapa kuliko gazeti lolote la Cairo. Watu wengi wa Chunya, Kyela, Mufindi na Makete wanapata habari kwa redio, na redio haina pa kuweka mchoro. Swali la kuonyesha limeshajibiwa na chombo chenyewe. Linalobaki ni ubora wa maelezo. Linganisha namna mbili za kusoma habari ileile ya Februari 2006.

Ya kwanza: "Waislamu duniani kote wameendelea kuandamana kwa hasira kupinga michoro ya matusi dhidi ya Mtume iliyochapishwa barani Ulaya."

Ya pili: "Gazeti la Denmark, Jyllands-Posten, lilichapisha michoro 12 Septemba mwaka jana. Mmoja unamwonyesha Mtume Muhammad akiwa na kilemba chenye umbo la bomu, na Waislamu wanauona kuwa ni dhihaka kwa dini yao. Mingine haimwonyeshi Mtume kabisa. Gazeti hilo limeomba radhi kwa kuwaudhi Waislamu, lakini halikuomba radhi kwa kuchapisha. Picha ya mtu aliyevaa pua ya nguruwe, inayosambazwa pamoja na michoro hiyo, haikuchapishwa na gazeti hilo."

Ya kwanza ni fupi, na inasikika salama. Lakini imesema "Waislamu duniani kote," jambo ambalo si kweli, na imesema "Ulaya" kana kwamba bara zima lilikaa kikao likachora. Msikilizaji Mkristo anabaki na picha ya jirani yake Mwislamu mwenye hasira, na Mwislamu anabaki na picha ya Wazungu wote, pengine Wakristo wote, wakimtukana Mtume wake. Ya pili ina urefu wa nusu dakika zaidi na imemtaja aliyefanya, alichofanya, na ambacho hakukifanya.

Pingamizi moja nalichukulia kwa uzito mkubwa. Yapo masheikh watakaosema kwamba hata kutaja kilemba cha bomu kwa maneno ni kuirudia dhihaka. Jibu langu ni la kiutendaji. Elezo litajwe mara moja, ndani ya habari, kwa maneno makavu yasiyo na vivumishi vya kuchekesha wala kushangaza. Lisiwekwe kwenye kionjo cha kutangaza taarifa ijayo, lisirudiwe na mtangazaji wa kipindi cha burudani, lisifunguliwe simu za wasikilizaji siku hiyohiyo. Kabla ya kwenda hewani, sheikh wa wilaya asomewe andiko. Hapewi kalamu ya kufuta habari. Anasikilizwa kama kuna neno linaloumiza bila sababu, na mara nyingi neno hilo lina mbadala. Mchungaji naye apigiwe, kwa sababu maandamano yakitokea mlango wake ndio unaopigwa mawe, kama tulivyoona Maiduguri na Niamey.

Kichwa cha habari kinahitaji uangalifu kuliko mwili wake. Mwaka 2017 waziri wa habari wa wakati huo, Dkt. Harrison Mwakyembe, aliyekuwa pia mbunge wa Kyela, aliagiza vituo vinavyopitia magazeti asubuhi visome vichwa tu, visiingie ndani ya habari. Nia ilikuwa kulinda mauzo ya magazeti. Lakini kwa habari ya aina hii, msikilizaji anayebaki na kichwa peke yake, sawa na mtu anayesimama kwa muuza magazeti Kabwe au Miyomboni na kuondoka bila kununua, anaondoka na maneno machache tu. Maneno hayo machache yataje nchi, gazeti na kitendo. "Gazeti la Denmark lachapisha michoro ya dhihaka" ni afadhali mara nyingi kuliko "Mtume atukanwa Ulaya".

Na kimya?

Kimya kina wakati wake. Mtu mmoja akijirekodi akifanya uchokozi Stockholm au Copenhagen ili aonekane, na huku kwetu hakuna anayemzungumzia, redio ya Iringa haina wajibu wa kumpatia wasikilizaji. Lakini habari ikishaingia kwenye simu za watu, kimya cha chombo cha habari kinawaachia uwanja wenye jalada la picha za kuongezea. Oktoba 2012, Mbagala jijini Dar es Salaam, ugomvi wa watoto kuhusu msahafu uliishia kwa makanisa kushambuliwa na kuchomwa moto. Habari ilitembea mdomo kwa mdomo kwa kasi kuliko taarifa yoyote iliyothibitishwa.

Nani achague nini

Kwa redio ya jamii, ushauri wangu hauna masharti: eleza kwa maneno, kwa namna ya pili niliyoionyesha hapo juu. Kwa gazeti, njia ni hiyohiyo, na picha ya kuambatanisha iwe ya jengo la gazeti lililochapisha, ya balozi anayezungumza au ya maandamano yenyewe, baada ya kuikagua kwa makini kama mkononi mwa mwandamanaji hamna mchoro. Kosa la Guang Ming na Le Journal lilikuwa hilohilo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, vifungu vya 125 hadi 129, inashughulikia makosa dhidi ya dini, na mhariri avisome mwenyewe kabla ya siku ya tukio, asisubiri kusomewa kituoni.

Mwalimu wa uandishi wa habari yuko mahali pengine. Wanafunzi wake wanapaswa kujua michoro ilikuwa nini hasa, lakini darasa la Mbeya lina Waislamu na Wakristo kwenye benchi moja, na hakuna anayepaswa kulazimishwa kuangalia anachokiona ni kufuru ili apate alama. Maelezo ya maandishi ya mchoro mmoja mmoja, pamoja na nakala za alichokisema Momani na yaliyoipata Sarawak Tribune, yanatosha kuzaa mjadala wa saa mbili. Ningeanza na swali la Momani.

Msimamizi wa kundi la WhatsApp hana chumba cha habari wala mwanasheria, lakini ndiye anayepokea picha wa kwanza. Aifute, kisha asiishie hapo. Aandike mistari miwili ya kusema ilitoka wapi, lini, na kama ni ya kweli au ya kupachikwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu usambazaji wa taarifa za uongo, na anayeisambaza picha ya pua ya nguruwe akiiita mchoro wa Denmark anasambaza uongo, hata kama anafanya hivyo kwa kuilaani. Asipojua ilitoka wapi, aseme hivyo kwenye kundi na aipigie redio ya karibu iulizie. Redio nayo iwe na mtu wa kupokea simu hiyo hadi usiku.